Kijivu kipi, kijani kipi? Rangi za manowari za Rufiji juu ya meza

MTU anayesimama alfajiri kwenye ufukwe wa magharibi wa Kisiwa cha Bwejuu, katika mlango wa bahari unaotenganisha Mafia na bara, huona mbele yake mstari mwembamba uliolala juu ya maji. Mstari huo ni mikoko ya delta ya Mto Rufiji. Mvuvi wa kisiwani anajua fika kwamba mikoko ni ya kijani, na kijani kilichokolea. Hata hivyo, kwa umbali ule na kwa saa ile, haionekani kuwa ya kijani hata kidogo. Inaonekana kama moshi uliotulia: kijivu chenye usamawati, chepesi kiasi kwamba jicho likipepesa huenda mstari ukapotea.

Jambo hilo, ambalo mkazi wa Bwejuu hana haja ya kulifikiria, ndilo linalowasumbua watu walio mbali kabisa na Mafia wanaopenda burudani ya aina ya pekee. Hao hununua sanamu ndogo za askari, vifaru na manowari, huzipaka rangi kwa brashi nyembamba kama unywele, kisha huzipanga mezani na kupigana vita kwa kete, rula na kanuni zilizoandikwa kitabuni.

Burudani hiyo si ya watoto pekee. Fred T. Jane, Mwingereza ambaye jina lake bado limo katika vitabu vya kumbukumbu za manowari za dunia, alitoa kanuni za mchezo wake wa vita vya baharini mwaka 1898. Mwandishi wa riwaya H.G. Wells naye alichapisha kanuni za vita vya askari wa bati mwaka 1913, mwaka mmoja tu kabla ya vita vya kweli kulipuka. Leo zipo kampuni, kama Games Workshop ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1975, ambazo huuza sanamu pamoja na vikopo vya rangi vyenye majina ya ajabu ajabu.

Kwa anayepaka gari la vita au manowari, swali kubwa huwa moja: deraya, yaani mabamba ya chuma yanayokikinga chombo, ipakwe rangi gani? Uso wa askari una ngozi, nguo, mkanda na kofia, na kosa la rangi moja huweza kufichwa na rangi nyingine. Manowari ni bamba tupu kutoka tezi hadi omo. Kijivu kikikosewa, chombo kizima kimekosewa.

Pengine hakuna mfano wa kujifunzia ulio bora kuliko vita vilivyopiganwa kwenye delta hiyo hiyo inayotazamana na Bwejuu.

Manowari ya bomba tatu

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Ilikuwa na urefu wa mita 115, mizinga 10 ya milimita 105 na mabomba matatu ya moshi, na kwa sababu hiyo wenyeji wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu. Vita vilipoanza ilizamisha meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, na Septemba 20, 1914 ikaivizia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake katika bandari ya Zanzibar, ikaipiga mpaka ikazama. Baada ya hapo nahodha wake, Max Looff, aliiingiza ndani ya vijito vya delta ya Rufiji na kuificha.

Maficho yenyewe yalikuwa ya mikoko. Mabaharia walikata miti na matawi wakaifunika manowari na milingoti yake, hata Waingereza waliokuwa baharini wakashindwa kutofautisha chuma na msitu. Iligunduliwa mwishoni mwa Oktoba 1914, lakini kuigundua hakukuwa kuifikia: manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kupita kwenye maji yale mafupi.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia na kuifanya kituo chao. Hatimaye walileta manowari mbili za aina iitwayo monita, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil na ambazo hazikuhitaji hata mita mbili za maji ili zielee. Zilivutwa kutoka Malta kupitia Bahari ya Shamu hadi Mafia. Huko ziliongezewa mabamba ya deraya na mifuko ya mchanga, zikajazwa madebe matupu ya mafuta ya taa ili zisizame haraka zikitobolewa, na zikapakwa rangi ya kijani ya mabaka ili zifanane na mikoko.

Julai 6, 1915 ziliingia mtoni na kurudishwa nyuma, Mersey ikiwa imepigwa na kupoteza mabaharia. Zilirudi Julai 11. Ndege iliyoruka kutoka Mafia ikiwa na marubani Cull na Arnold ilielekeza mizinga yao kutoka angani, na hata ilipopigwa na kuanza kuanguka Arnold aliendelea kutuma maelekezo. Siku hiyo Looff aliilipua manowari yake mwenyewe. Mizinga yake ilitolewa majini na kukokotwa nchi kavu, kazi ambayo kwa sehemu kubwa iliangukia migongo ya Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa, ikaendelea kupiga katika vita vya bara. Mmoja unaonekana hadi leo Ngome ya Yesu, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus.

Meli chache, mto mwembamba, ndege moja, pande mbili zinazopigana bila kuonana: haishangazi kwamba tukio hili linafaa mno kuchezwa mezani. Na kila chombo kilichokuwemo kinamdai mpakaji uamuzi wa rangi.

Picha za kale hudanganya

Hatua ya kwanza ambayo wengi huichukua ni kutafuta picha za wakati ule. Zipo, tena nyingi, ila ni za rangi nyeusi na nyeupe, na zina hila ambayo si kila mtu anaijua. Filamu zilizotumika sana miaka hiyo hazikuiona rangi nyekundu. Kitu chekundu kilitokea cheusi, na kitu cha samawati kilitokea karibu kuwa cheupe. Kwa hiyo kijivu chenye usamawati huonekana kwenye picha kuwa chepesi kuliko kilivyokuwa, na kutu, ambayo ni nyekundu ya kahawia, huonekana kama doa la lami. Anayeiga picha hizo kwa uaminifu wote atapaka deraya nyeupe mno na kutu nyeusi mno.

Kumbukumbu za desturi za majeshi husaidia zaidi. Jeshi la Majini la Uingereza liliacha miili myeusi na mabomba ya manjano mwanzoni mwa karne ya 20 na kuhamia kijivu. Wajerumani walitumia kijivu chepesi kwa meli za nyumbani, huku zile zilizokaa miaka mingi katika vituo vya nchi za joto zikipakwa mwili mweupe na mabomba ya rangi ya haradali, kwa kuwa rangi nyeupe haishiki joto la jua kama nyingine. Lakini hata desturi haisemi yote. Meli iliyojificha miezi kumi katika tope, joto na maji ya chumvi, bila gati wala fundi, haiwezi kubaki na rangi iliyotoka nayo nyumbani.

Ndiyo maana ni busara kwa mpakaji kuamua kwanza anataka kuonyesha siku gani. Königsberg ya asubuhi ya Zanzibar, Septemba 1914, ni chombo cha kijivu kinachosafiri. Königsberg ya Julai 1915 ni kitu kingine kabisa: kijivu kilichopauka, kimechirizika kutu chini ya kila tundu la nanga, na juu yake matawi yaliyonyauka.

Umbali ulio ndani ya kitu kidogo

Hapa ndipo mstari ule wa moshi unaoonekana kutoka Bwejuu unapoingia mezani.

Manowari za michezo huundwa mara nyingi kwa skeli ya 1 kwa 1,200 au 1 kwa 2,400. Kwa skeli ya kwanza Königsberg huwa na urefu wa sentimita 9.6, kiasi cha kidole kirefu. Kwa ya pili haifiki sentimita 5. Mchezaji anayeitazama ile ya kwanza akiwa sentimita 60 kutoka mezani anaiona kwa ukubwa ule ule ambao angeiona meli halisi akiwa umbali wa mita 720. Akisimama wima na kurudi nyuma kidogo, amekwisha kuwa kilomita moja na zaidi kutoka kwenye chombo.

Sasa kati ya jicho na meli ya kweli iliyo kilomita moja baharini kuna hewa, mvuke wa chumvi na vumbi. Hewa hiyo huifanya rangi nyeusi ipauke, hupunguza ukali wa kila rangi na kuivuta yote kuelekea kijivu cha samawati, kama inavyoifanyia mikoko ya Rufiji. Mezani hewa hiyo haipo. Rangi halisi ya meli, hata ikichotwa kwenye pipa lile lile lililopaka meli yenyewe, ikiwekwa kwenye kitu cha ukubwa wa kidole itaonekana nzito, ya giza na ya uongo. Wapakaji wazoefu kwa hiyo huongeza nyeupe, au kijivu chepesi, katika kila rangi, na kadiri sanamu inavyokuwa ndogo ndivyo wanavyoongeza. Nyeusi tupu hawaitumii kabisa. Mahali pa nyeusi huweka kijivu cha makaa.

Kijivu nacho kina jamaa nyingi. Nyeusi na nyeupe zikichanganywa peke yake huzaa kijivu baridi chenye kuelekea samawati, ambacho kinaifaa bahari ya wazi. Tone la rangi ya udongo wa manjano hukipasha joto, na tone la kahawia hukifanya kionekane kimechoka. Kwa Königsberg ya deltani hicho cha mwisho ndicho kinachopendeza. Kwa manowari za Kiingereza zilizokuwa zikilinda midomo ya mto kutoka baharini, kile baridi kinatosha, na tofauti hiyo ya vijivu viwili inamsaidia mchezaji kutambua pande mbili bila kusoma kibandiko chochote.

Meza pia hutazamwa kutoka juu. Mchezaji yuko mahali pa Cull na Arnold, si mahali pa baharia aliyekaa ndani ya mashua. Anachokiona zaidi ni sitaha, si ubavu, na bado wanaoanza hutumia saa nzima kwenye deraya ya ubavu kisha kuipaka sitaha rangi ya mbao mpya, kama kabati lililotoka dukani. Yeyote aliyewahi kupanda jahazi anajua kwamba mbao za sitaha hazikai hivyo. Jua na maji ya chumvi huzigeuza kijivu chenye umanjano kwa misimu michache. Sitaha ikipakwa rangi hiyo, ubavu hauhitaji kazi kubwa.

Kijani kinachojificha

Monita mbili za Mafia ndizo ngumu kuliko zote, na ni hapa ambapo mtu wa pwani ana faida asiyokuwa nayo mpakaji wa London au Chicago.

Kijani kinachotoka moja kwa moja kwenye tyubu ni kijani cha bendera. Hakuna jani la mkoko lenye rangi hiyo. Jani la mkoko wenyewe lina kijani cha giza kinachong'aa upande wa juu, na upande wa chini lina umanjano. Jani la mchu lina upande wa chini wa kijivu cha fedha, kiasi kwamba upepo wa kusi ukivuma mti mzima hubadilika rangi kwa mawimbi. Maganda ya mikoko, yaliyokuwa bidhaa ya kusafirishwa nje kwa ajili ya kazi ya ngozi, hutoa wekundu wa kahawia. Kwa rangi hizo tatu mabaka ya Severn na Mersey yanapatikana: kijani kilichozimwa kwa tone la nyekundu, kijani chenye kijivu, na kahawia ya maganda kidogo sana kwenye vivuli. Nyekundu huzima kijani kwa sababu rangi hizo mbili ni hasimu. Zikichanganywa hufutana na kuacha udongo.

Kisha huja tatizo ambalo halina jibu la moja kwa moja. Rangi ya maficho inapofanikiwa, chombo hakionekani, na manowari isiyoonekana mezani inakera. Mto wa Rufiji wenyewe hauna samawati ya kadi za posta; ndani ya vijito maji ni ya kijani cha tope, na mvua za masika zikishuka hugeuka kuwa chai ya maziwa. Monita ya kijani juu ya maji ya kijani, kando ya msitu wa kijani, ni sentimita 7 za kutoweka. Wapo wanaokwepa kwa kupaka maji ya samawati, na hapo meza huonekana nzuri huku Rufiji ikiwa imegeuzwa kisiwa cha watalii. Njia iliyo bora ni kuacha rangi zifanane lakini wepesi wake utofautiane: maji yawe ya giza, chombo kiwe chepesi zaidi ya inavyostahili, na kingo zake za juu ziguswe kwa rangi ile ile iliyoongezwa nyeupe. Jicho hutambua umbo kwa mwanga na giza kabla ya kutambua rangi.

Mwanga huo nao una upande unakotoka. Mafia iko karibu digrii 8 kusini mwa ikweta, na mwezi Julai jua la adhuhuri halipo utosini bali limeinamia kaskazini, kiasi cha digrii 60 juu ya upeo. Vivuli vya Julai 11 vilianguka kusini. Anayepaka meli zake zote kwa tukio hilo anaweza kuamua upande mmoja wa mwanga na kuushikilia, ingawa meli ikigeuzwa mezani mpangilio huo huvurugika, na ndiyo maana wengine hupaka mwanga unaotoka juu kabisa na kujiondolea taabu.

Kazi yenyewe

Rangi za michezo hii si rahisi kupatikana katika maduka ya Dar es Salaam au Mombasa, lakini akriliki za tyubu za wachoraji zinatosha kabisa. Rangi za mafuta zinazong'aa, kama zile walizozifanya maarufu wachoraji wa Tingatinga tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, zinapendeza ubaoni, ila kwenye manowari ya kidole mng'ao wake hukusanya mwanga wa taa na kufuta kila kivuli kilichopakwa kwa shida. Kinachotakiwa ni rangi isiyong'aa, au vanishi isiyong'aa juu ya ile inayong'aa.

Chombo husuguliwa kwa msasa laini, huoshwa kwa sabuni na kukaushwa, kisha hupakwa rangi ya kwanza ambayo mafundi huiita undakoti. Kwa monita ya kijani undakoti ya kahawia hufaa kuliko nyeusi, kwa sababu pale brashi isipofika hubaki tope na si shimo. Rangi ya msingi hupakwa mara mbili nyembamba, kamwe si mara moja nene. Ikikauka, rangi ya giza iliyozimuliwa kwa maji hadi kuwa kama chai hupitishwa juu yake, ikatiririka na kutulia kwenye pembe za mizinga na madungu. Mwisho brashi iliyofutwa kwenye kitambaa mpaka ikawa karibu kavu, yenye rangi ya msingi iliyoongezwa nyeupe, hupitishwa kwa haraka juu ya kingo, nazo hujitokeza zenyewe.

Wavuvi wa pwani wanayafahamu mambo ya tabaka kwa njia yao. Chombo hukalafatiwa, hupakwa sifa iliyochemshwa kutoka ini la papa sehemu ya juu, na deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, sehemu inayozama. Hakuna anayepaka ili kupendezesha tu. Sifa hulinda mbao na deheni huzuia wadudu wanaotoboa. Hata hivyo jahazi lililopakwa hivyo, kahawia juu na jeupe chini, lina mpaka wa rangi kwenye mkondo wa maji ambao mpakaji wa manowari angefanya vizuri kuutazama, kwa kuwa mpaka huo hauko mkavu kama uliochorwa kwa rula. Una ukungu wa kijani wa mwani, na umepinda kidogo pale mzigo ulipowahi kuelemea upande mmoja.

Kosa la mwisho hufanyika kwa taa. Balbu ya manjano hufanya kijivu baridi kionekane cha joto, na taa nyeupe za mirija hufanya kinyume chake. Rangi iliyochaguliwa usiku huwa ngeni asubuhi. Inafaa mchanganyiko upakwe kwanza kwenye kipande cha bati au plastiki, utolewe nje kivulini saa tatu au nne asubuhi, uwekwe juu ya ubao uliopakwa rangi ya maji yatakayotumika, kisha mtu arudi nyuma hatua mbili na kufumba macho nusu. Kikiwa bado kinaonekana kama kipande cha bati, kinahitaji nyeupe zaidi. Na mchanganyiko ukishakubali, sehemu yake ihifadhiwe kwenye kichupa chenye kifuniko kabla ya brashi kugusa meli ya kwanza, kwa maana kijivu kile kile hakichanganywi mara mbili, na Mersey bado inamsubiri Severn.